Jinsi ya kukusanya dola adimu za Morgan zenye daraja la juu

Anayeanza kukusanya dola za kale za fedha za Marekani huuliza kwanza: zilitengenezwa ngapi? Chukua dola za Morgan za mwaka 1884. Kiwanda cha San Francisco kilitoa 3,200,000, cha Carson City 1,136,000. Ungetarajia ya Carson City ndiyo iwe adimu. Kumbe ya Carson City ambayo haijawahi kutumika haikupi taabu kuipata, ilhali ya San Francisco katika hali hiyo wakusanyaji huipigania minadani kwa bei ya kutisha. Za San Francisco ziliingia sokoni zikachakaa. Nyingi za Carson City zililala kwenye magunia ya Hazina hadi serikali ilipoziuza kwa wananchi katika miaka ya 1970. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, jifunze magunia yalienda wapi.

Hatua ya 1: Ijue sarafu yenyewe

Dola hii ilichorwa na George T. Morgan, mchongaji mzaliwa wa Uingereza. Ilitolewa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ina kipenyo cha milimita 38.1, uzito wa gramu 26.73, na ni fedha asilimia 90, iliyobaki shaba. Igeuze upande wa tai: chini ya shada, juu ya herufi D na O za neno DOLLAR, ndipo ilipo alama ya kiwanda. O ni New Orleans, S ni San Francisco, CC ni Carson City, D ni Denver (1921 tu). Philadelphia haikuweka alama.

Kisha kuna sheria ya Pittman ya 1918, iliyosababisha dola zaidi ya milioni 270 kuyeyushwa. Hakuna aliyeandika zilikuwa za miaka gani. Ndiyo maana idadi iliyotengenezwa haikwambii zilizobaki.

Na magunia yanaweza kukugeuka. Dola ya 1903 ya New Orleans ilikuwa miongoni mwa zilizotafutwa mno, mpaka Hazina ilipofungua akiba yake mwishoni mwa 1962 zikamwagika. Bei ikaporomoka.

Hatua ya 2: Chagua unachofuata

Zipo zilizo adimu katika hali yoyote: 1893 ya San Francisco (100,000 tu) na 1889 ya Carson City (350,000). Zipo zilizo adimu zikiwa safi peke yake, kama 1884-S niliyoitaja, 1896 ya New Orleans, na 1901 ya Philadelphia, ambayo iliyochakaa haina maajabu yoyote. Mimi hili kundi la pili ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu hapo jicho lako ndilo linalolipa.

Lakini usianzie huko. Anza na 1881 ya San Francisco, daraja la MS-65 (MS ni sarafu isiyotumika; namba naieleza Hatua ya 3). Ni nyingi, si ghali sana ukilinganisha na nyingine, na kwa kawaida ilipigwa chapa vizuri. Itumie kama kipimo cha macho yako.

Hatua ya 3: Jifunze kuangalia

Hatua hii ndiyo inayokula muda, nawe uiache iule. Daraja huhesabiwa kuanzia 1 hadi 70. Sarafu isiyotumika huanzia 60. Kati ya 64 na 66 bei inaweza kuruka mara kadhaa, na tofauti yenyewe ni michubuko michache.

Washa taa moja ya balbu, zima nyingine zote chumbani. Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso wake, kisha iinamishe polepole. Kwenye sarafu halisi isiyoguswa, miale ya mwanga huzunguka juu ya uso kama spoku za baiskeli. Mwanga ukikaa mahali pamoja, au uso wote ukang'aa kwa mkupuo, huenda sarafu imesuguliwa. Tafuta mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja: hiyo ni kazi ya kitambaa.

Sasa tazama shavu la Bi Uhuru, yule mwanamke aliye upande wa kichwa. Dola hizi zilisafirishwa 1,000 kwenye gunia moja, zikigongana njia nzima, na shavu ni pana, halina pa kuficha kovu. Alama moja katikati ya shavu hushusha thamani kuliko kadhaa zilizojificha kwenye nywele.

Halafu nywele zilizo juu ya sikio, na manyoya ya kifua cha tai. Hapa wengi huchanganya kuchakaa na chapa hafifu. Za New Orleans mara nyingi zilipigwa kwa nguvu ndogo, hivyo nywele zimelala ingawa sarafu haikutumika. Palipopigwa hafifu mng'ao bado upo; palipochakaa utaona kijivu kilichofifia.

Hatua ya 4: Itie mashaka

Mizani ya kidijitali na sumaku ni lazima. Sarafu isiyochakaa ikipungua au kuzidi gramu 26.73 kwa zaidi ya moja ya kumi ya gramu, iache. Ikivutwa na sumaku, usipoteze muda.

Bandia hatari ni ile iliyo dola ya kweli: mtu amechukua 1893 ya Philadelphia akabandika S. Kwa lenzi ya mara 10, chunguza mzizi wa herufi hiyo kama kuna mshono. Kisha nenda upande wa kichwa: 1893-S halisi ina kistari kidogo cha mshazari kilichoinuka juu ya T ya neno LIBERTY. Kisipoonekana kwenye sarafu nzuri, rudisha.

Hatua ya 5: Nunua

Kwa sarafu ghali, nunua iliyofungwa kwenye kasha la PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu na kuipa daraja, zilizoanza kazi hii 1986 na 1987. Ingiza namba ya kasha kwenye tovuti yao, na ulinganishe picha na sarafu alama kwa alama, kwani makasha feki yenye namba za kweli yapo. Angalia bei zilizolipwa minadani, si zinazotajwa na wauzaji, na ujumlishe ada ya mnada kabla hujainua mkono. Ndani ya MS-65 zimo nzuri na zimo zilizoponea chupuchupu. Lipia sarafu unayoiona.

Hatua ya 6: Hifadhi

Usisafishe, hata kwa sabuni. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC. Huacha ute wa kijani unaokula fedha. Anayeishi pwani, Mombasa au Tanga, aweke makasha kwenye boksi linalofunga kabisa pamoja na vipakiti vya silika, avibadilishe vikilowa unyevu.