Kabla ya Msimu wa Mwani Wenye Sumu, Kagua Tope

Anayevuna au kufuga kome na chaza kwa kawaida huyachunga maji. Ni vizuri, lakini hatari huanzia chini zaidi. Vijimea vya jenasi ya Alexandrium, yaani mwani mdogo mno unaotia sumu kome na chaza, mazingira yanapovibana, huungana, hujifunga ndani ya ganda gumu na kuzama. Hizo ndizo sisti. Hulala topeni kama mbegu ghalani, na mahali pasipo na oksijeni huweza kubaki hai kwa miongo mingi.

Kwa hiyo la kwanza ni kujua tope lako limebeba nini. Katika Ghuba ya Maine, watafiti wa Woods Hole, taasisi ya utafiti wa bahari ya Marekani, wamekuwa wakichota tope wakati wa vuli na kuhesabu sisti za sentimita 1 ya juu. Tabaka hilo jembamba ndilo linalohesabika, kwa sababu sisti iliyofukiwa chini zaidi hukosa oksijeni, na bila oksijeni haichipui. Ila usiichukue hesabu hiyo kama ahadi. Kwa mwaka 2010 sisti zilikuwa nyingi mno, ukatabiriwa mlipuko mkubwa wa mwani, nao haukuja: maji ya mwaka huo yalikuwa na joto zaidi na virutubisho haba. Ghala lilijaa, mvua haikunyesha, tuseme hivyo. Hata hivyo ghala halikwenda popote.

Ndiyo maana uulize pia nani atalifukua. Kuchimba mlango wa bandari huzirudisha juu sisti zilizokuwa zimezikwa. Dhoruba nayo hutibua. Kuhamisha chaza wachanga kutoka ghuba moja hadi nyingine, pamoja na tope lililowagandia, ni kupanda mbegu kwa mkono wako mwenyewe. Meli hufanya vivyo hivyo kwa maji ya balasti, yale zinayobeba ili zisiyumbe, na mkataba wa kimataifa wa 2004 kuhusu maji hayo ulianza kutumika 2017 tu.

Panga upimaji wa nyama ya kome mapema, usingoje maji yageuke mekundu kwa wingi wa mwani. Vijimea hivi vinaweza kutia sumu kome hali maji yanaonekana safi kabisa. Nchi nyingi hufunga uvunaji saksitoksini, sumu ya vijimea hivi, ikizidi mikrogramu 80 kwa gramu 100 za nyama. Kuchemsha hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, ndimu ndiyo kabisa.

Mwisho, jua njia ya hospitali yenye mashine ya kupumulia. Sumu hii haina dawa ya kuipindua. Mgonjwa husaidiwa kupumua hadi mwili uitoe. Midomo na ncha za vidole zikianza kuwasha na kufa ganzi baada ya mlo, ondokeni papo hapo. Mabaki ya chakula msiyatupe: yafungeni, myabebe, yapimwe.