Jinsi ya kuchambua plastiki kwa beseni, chumvi na mafuta ya alizeti

Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, ikate vipande pamoja na kifuniko chake, kisha vitumbukize vyote kwenye beseni la maji. Vipande vya kifuniko vitaelea, vya chupa vitazama. Vyote asili yake ni mafuta ghafi, lakini ukivisaga na kuviyeyusha pamoja utapata kitu kinachomeguka kama biskuti. Mimi nanunua plastiki kwa waokota makopo, nachambua, nasaga, nauza chenga. Ile pembetatu yenye namba ya aina ya plastiki husaidia ikiwepo, ila mara nyingi kipande chenye alama kimebaki jalalani. Beseni halihitaji alama.

Kabla ya kulowanisha mikono, kemia kidogo, maana bila hiyo utakuwa unakariri tu.

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni, zinazotofautiana hasa kwa urefu wa mnyororo wa kaboni. Mtungi wa gesi ya kupikia una propani na butani, zenye kaboni 3 na 4. Petroli ina kama 5 hadi 12. Mafuta ya taa na dizeli yana zaidi, na lami inazipita zote. Mnyororo ukirefuka, molekuli hushikana zaidi na joto la kuchemka hupanda. Kwa tofauti hiyo mnara wa kukeneka huzitenga. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ambayo ni minyororo mirefu inayoganda kirahisi, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe joto.

Plastiki inaanzia kwenye sehemu nyepesi iitwayo nafta. Hupashwa joto kali pamoja na mvuke wa maji, zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, minyororo ikavunjika na kutoa etheni na propeni. Etheni ina kaboni 2 zilizoshikana kwa bondi mbili. Bondi moja ikifunguka, kila kaboni inapata mkono wa kumshika jirani, na maelfu yakishikana hivyo tunapata polithini. Propeni nayo hutoa PP, plastiki ya ndoo na viti vingi.

Sasa angalia hili, kwa sababu ndilo linaloendesha beseni. Polithini iligunduliwa mwaka 1933 Northwich, Uingereza, na Reginald Gibson na Eric Fawcett, kwa shinikizo kubwa mno. Njia hiyo huzaa minyororo yenye matawi. Mwaka 1953 Karl Ziegler, Ujerumani, alipata kichocheo kinachounganisha etheni ileile kwa shinikizo dogo, na minyororo ikatoka imenyooka. Funga mzigo wa kuni zilizonyooka, halafu funga mwingine wa matawi ya mgunga: kamba ni ileile, lakini mzigo wa pili umejaa mapengo. Kwa hiyo polithini yenye matawi (LDPE, ile ya mifuko tunayoita nailoni) ni laini na ina densiti (uzito kwa ujazo, maji yakiwa 1; chini ya hapo kitu huelea) ya 0.92 hivi, na iliyonyooka (HDPE, ya madumu) ni ngumu na ina 0.95 hivi.

Hatua ya 1. Osha, bandua lebo, kata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Yale maboksi meupe mepesi ya chakula yaweke kando. Yanaelea kwa sababu ya hewa iliyomo na yatakudanganya.

Hatua ya 2. Jaza beseni maji, dondoshea sabuni ya maji kidogo. Zamisha vipande kwa mkono, uvisugue viputo vitoke, kisha achia. Wanaoanza huruka kipengele hiki, halafu wanasema njia haifanyi kazi! Kiputo kimoja kinatosha kuinua kipande cha PET, plastiki ya chupa za maji. Zitakazoelea ni PP (0.90), LDPE na HDPE. Zitakazozama ni polistirini (plastiki ya yale maboksi, ila isiyotiwa hewa; 1.05), PVC (ya mabomba) na PET, hizi mbili za mwisho zikikaribia 1.4. PVC ina klorini, atomi nzito. PET ina oksijeni na pete za kaboni zinazopangana kwa kubanana.

Hatua ya 3. Kausha zilizoelea, uzitie kwenye bakuli la mafuta ya alizeti, ambayo densiti yake ni kama 0.92. PP itaelea, HDPE itazama. LDPE itasitasita katikati, lakini hiyo mkono unaijua: inanyumbulika na kuvutika.

Hatua ya 4. Kwa zilizozama, koroga gramu 150 za chumvi kwa kila lita ya maji. Huna mizani? Ongeza chumvi mpaka yai bichi, ambalo si viza, lielee. Polistirini itapanda juu, PVC na PET zitabaki chini.

Hatua ya 5. PVC na PET hazitenganishwi na beseni. Shika waya wa shaba kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka usitoe rangi yoyote. Ukiwa bado wa moto uguse plastiki, halafu urudishe motoni. Mwali wa kijani unaonyesha klorini, basi hiyo ni PVC. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa kipande kidogo sana, mbali na yale mafuta: moshi wa PVC una hidrojeni kloridi, gesi ya asidi inayounguza koo.

Hatua hii usiiruke. PET huyeyuka karibu na nyuzi 250, na PVC huanza kuvunjika kwa joto kabla ya hapo. Asidi yake inaikata minyororo ya PET. Magunia yangu ya kwanza yalirudishwa kwa sababu ya lebo chache za PVC, zile zinazobana chupa, ambazo kwa uvivu niliziacha. Nauli ya kwenda na kurudi nililipa mwenyewe.

Vipo vipande vitakavyokushinda. Kiti cha PP kilichochanganywa unga wa chokaa kiwandani huzama kama jiwe, ingawa mnyororo wake ni uleule wa propeni. Chenga zake usizichanganye na za ndoo; mimi nina gunia lake pembeni, na naliuza bei ya chini.