Sauti ya Dada Ikikuomba Fedha za Kiwanja

Mtanzania aliyeko London au Chicago akinunua kiwanja hapa Dodoma, iwe Iyumbu au Nala, kwa kawaida humtumia fedha ndugu aliyebaki nyumbani, na matapeli wanaufahamu vizuri utaratibu huo. Zamani walituma ujumbe mfupi wa "ile hela itume kwenye namba hii". Siku hizi programu ya akili unde huchukua vipande vichache vya sauti kutoka mitandaoni na kumwigiza dada yako kwenye simu akilia kwamba muuzaji anataka malipo leo hii, la sivyo kiwanja anapewa mwingine.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiitaji teknolojia hiyo kwa jina, lakini haimwachi mhalifu. Kifungu cha 15 kinakataza kujifanya mtu mwingine kupitia mfumo wa kompyuta. Kifungu cha 12 kinahusu udanganyifu unaompotezea mtu mali, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20 au mara tatu ya faida iliyopatikana, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Aidha, kifungu cha 30 kinazipa mahakama zetu mamlaka hata pale ambapo sehemu tu ya kosa imetendeka nchini, kwa hiyo kuwa kwako ughaibuni hakuzuii kesi ikiwa fedha zilipokelewa kwenye laini ya hapa.

Jambo ninaloomba mlishike kuliko yote ni hili: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki za Uingereza hulazimika kumfidia mteja aliyelaghaiwa hadi pauni 85,000, lakini kanuni hiyo inahusu malipo yanayokwenda kwenye akaunti za humo humo Uingereza. Fedha uliyoituma moja kwa moja Tanzania haimo.

Kwa hiyo, kata simu hiyo, kisha umpigie dada kwa namba uliyonayo siku zote. Ujumbe wenye linki inayofanana na ya benki na kudai namba ya siri usiufungue kabisa.

Ikiwa fedha imekwishatoka, iarifu mara moja kampuni uliyotumia kutuma, na wakati huohuo ndugu yako aombe kampuni ya simu iliyoipokea iizuie kabla haijatolewa kwa wakala. Namba ya tapeli aitume kwenda 15040, ambayo ni namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha aende kituo cha polisi kufungua jalada na kupewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake polisi. Aliyedanganywa ni wewe, kwa hiyo andika maelezo yako, uyatie saini na kumtumia akiwa bado kituoni.

Usifute chochote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaukubali ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama hupima jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Picha ya skrini pekee ni dhaifu. Rekodi ya sauti yenyewe, ikiwa bado ndani ya simu iliyoipokea, ina uzito zaidi.