Marashi ya mbao na ambari: namna ya kuyapima, kuyachanganya na kuyavaa Kisumu na Nakuru

Kosa la kwanza hufanyika kaunta. Muuzaji anapuliza, mnunuzi ananusa papo hapo, anasikia limau na pilipili manga, analipa. Harufu hiyo huisha ndani ya robo saa. Utakayotembea nayo mjini ni ile inayobaki baada ya saa mbili, na kwenye marashi ya aina hii hizo ni mbili tofauti kabisa.

Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi aina ya kashaloti, halafu huelea baharini miaka mingi ikibadilishwa na jua na chumvi. Watu wa pwani yetu wanaijua tangu kale. Al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu, aliiandika katika karne ya 10 miongoni mwa bidhaa za nchi ya Zanj. Iliyomo kwenye kichupa chako karibu kila mara ni ya maabara, yaani ambroksidi, ambayo wanakemia wa kampuni ya Firmenich kule Uswisi waliiunda mwaka wa 1950. Haina utamu wa keki. Fikiria shati safi lililokauka juani, chumvi kidogo, joto la ngozi. Ukisikia vanila na ubani mzito, hapo umepewa kitu kingine: neno Amber kwenye lebo mara nyingi humaanisha mchanganyiko huo mtamu, wala si ambari.

Upande wa mbao, mwerezi hunukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi: kavu, safi. Msandali ni laini, kama maziwa. Vetiva, ambayo ni mizizi ya nyasi, ina udongo na moshi. Wengine wakisikia “mbao” hufikiria viwanda vya kupasua mbao vya Elburgon, lakini harufu ile ni ya paini na saiprasi mbichi, yenye utomvu, na haifanani na hii. Ukavu wa mbao pamoja na chumvi ya ambari, bila maua mengi wala sukari, ndio unaofanya marashi haya yavaliwe na mke na mume bila mtu kuuliza.

Dukani, puliza kwanza kwenye karatasi, kisha kwenye kifundo cha mkono, mara moja tu. Usisugue, maana joto la kusugua huharakisha kupotea kwa harufu za mwanzo. Toka, kanunue mboga, nusa tena baada ya dakika 45 na baada ya saa tatu. Usijaribu zaidi ya aina tatu kwa siku. Kunusa kahawa ili kupumzisha pua hakusaidii kitu. Badala yake nusa mkono wa nguo yako ambayo haijapulizwa. Na usishangae ukisikia kimya: pua huzoea ambroksidi upesi, na wapo wasioisikia kabisa. Muulize aliye karibu nawe kabla hujaongeza.

Ukinunua mafuta ya marashi ya kupimiwa na kuchanganya mwenyewe, kwa kichupa cha mililita 30 weka mafuta mililita 6 na alkoholi ya manukato ya asilimia 96 mililita 24. Mafuta hutangulia, alkoholi hufuata. Pima kwa sindano ya famasi isiyo na ncha, moja kwa kila aina ya mafuta. Mafuta haya hufuta namba za sindano, kwa hiyo kwaruza alama kwa wembe kabla ya kuanza. Fanyia kazi mbali na jiko na sigara. Spiriti ya kuoshea vidonda haifai: nyingi ni ya asilimia 70, na maji yaliyomo hufanya mchanganyiko uwe na ukungu kama maji ya mchele. Spiriti ya rangi ya zambarau ndiyo mbaya zaidi, ina sumu na uvundo usiofichika. Funga, tikisa taratibu, weka kabatini gizani wiki mbili hadi tatu. Ukiyapuliza siku hiyo hiyo utasikia alkoholi tu, na hapo ndipo watu hulaumu mafuta bure. Ukungu mdogo ukibaki, laza kichupa kwenye friza usiku mmoja, kisha chuja kikiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa.

Kipimo cha kuvaa hutegemea mji. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na joto lake hupandisha harufu haraka: mpulizo mmoja kifuani chini ya shati na mmoja nyuma ya shingo unatosha. Mitano ndani ya matatu ya saa saba mchana ni kuwaadhibu wenzako. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, asubuhi zina baridi na harufu hujificha. Mitatu au minne, mmoja ukiwa kwenye sweta, haizidi. Ngozi kavu huyanywa marashi, kwa hiyo paka kwanza jeli isiyo na harufu. Losheni ya kakao hugombana na ambari vibaya. Mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya limau, yanaweza kuacha madoa kwenye ngozi inayopigwa na jua, basi puliza penye nguo, ila si kwenye shati jeupe ikiwa marashi yenyewe ni ya manjano.

Usiyaweke dirishani wala ndani ya gari. Joto huharibu limau kwanza, ikaanza kunuka kama tapentaini, na rangi ikakolea. Usikimbilie kumwaga. Puliza kwenye karatasi, subiri dakika ishirini: mara nyingi mbao na ambari bado ni nzima, na kichupa hicho kinafaa kupulizia skafu usiku, ili kufikia asubuhi ile tapentaini iwe imeondoka.