Jua saa halisi za kukaa angani kabla hujakata tiketi

Saa za tiketi zinadanganya, maana kila mji huandikwa kwa saa zake. Chukua umbali wa moja kwa moja kwa kilomita, gawanya kwa 900, ongeza saa moja ya kupaa na kutua. Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,850: inakuja saa 14 na ushei. Halafu hakiki kwa tiketi: ukiondoka saa 6 usiku na kufika saa 2 asubuhi ya kule, zinaonekana saa 8 tu, jumlisha tofauti ya saa 7 (8 wakati wa baridi, wakisharudisha saa zao nyuma), unapata 15. Saa hiyo moja ya ziada ni upepo. Huko juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kwenda Marekani ni kupanda mlima, kurudi ni mteremko. Mimi sasa nakagua hivi kila tiketi, hasa zile zenye bei ya kutia shaka: saa zikizidi sana hesabu, kuna kituo katikati.

Hesabu hii hugoma ndege inapozunguka anga iliyofungwa. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa saa 9 hivi. Tangu 2022, bila kupita Urusi, ni kama 13. Kwa safari fupi kama Dar hadi Zanzibar, usijisumbue nayo.