Namna ya Kuchagua Mgahawa wa Chakula cha Kigeni na Kuagiza kwa Kujua

Anayetaka kula chakula cha taifa jingine huanza kwa kuuliza mgahawa gani ni mzuri, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni mgahawa huo unapika chakula cha sehemu gani. China ina watu zaidi ya bilioni moja, na mpishi wa Sichuan anayekaanga kwa pilipili kavu na rojo la maharagwe yaliyochachushwa hapiki kama mpishi wa Guangdong, ambaye humpika samaki kwa mvuke na kumnyunyizia tangawizi, majani ya kitunguu na sosi ya soya. India nayo ni hivyo hivyo: Wapunjabi wanapenda mkate wa ngano, samli na mtindi, na Watamil wanategemea wali, ukwaju na nazi. Kwa hiyo anza kwa kutafuta jina la jimbo au mji kwenye kibao au kwenye menyu. Anayetangaza upishi wa Sichuan kwa kawaida anajua anachokipika kuliko anayetangaza "vyakula vya Asia".

Menyu nyingi za migahawa ya kigeni zinafanana kwa sababu ya historia ya uhamiaji, na ni vema kuijua historia hiyo kidogo kabla ya kuketi mezani. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947, wakimbizi waliotoka Punjab na Peshawar walifungua migahawa mjini Delhi na kuzitangaza nyama zinazookwa katika tanuri la udongo liitwalo tandoor. Nyama hizo, pamoja na mkate wa naan, ndizo ambazo dunia imezoea kuziita chakula cha Kihindi, ingawa Wahindi wengi hawana tandoor nyumbani. Nchini Uingereza migahawa mingi inayoitwa ya Kihindi iliasisiwa na watu wa Sylhet, eneo ambalo leo liko Bangladesh. Kuku maarufu wa Jenerali Tso anayeuzwa kila pembe ya Marekani alibuniwa na Peng Chang-kuei, mpishi wa Hunan aliyehamia Taiwan, kisha akaongezewa utamu mjini New York katika miaka ya 1970.

Sioni ubaya wowote katika vyakula vya namna hii. Vibarua wa Kichina walioanza kuingia Peru mwaka 1849 ndio waliozaa upishi uitwao chifa, na wahamiaji wa Lebanon waliofika Mexico na nyama yao ya kuzungushwa kwenye chuma cha wima ndio chanzo cha taco al pastor, yaani tortilla ya mahindi iliyotiwa nyama hiyo, na vyote viwili ni vyakula kamili vyenye adabu yake. Kosa ni kuagiza kimoja ukidhani unakula kingine, kisha kuulaumu upishi wa nchi nzima.

Ukishajua eneo, soma menyu kabla ya kwenda. Wengi hushauri kuikimbia menyu ndefu, na ushauri huo una ukweli nusu. Nchini Japani ni jambo la kawaida mgahawa kupika kitu kimoja tu, tambi za ramen au sushi au tempura, na kwa hiyo mahali panapouza vyote vitatu pamoja na kari ya Kithai pana wapishi waliotawanya mikono yao. Lakini menyu ya Kikantoni, yaani ya Guangdong, inaweza kuwa na vyakula mia moja bila dosari yoyote, kwa kuwa vingi vyake hukaangwa kwa dakika chache juu ya moto mkali kutokana na viambato vilevile vilivyokatwa mapema. Dalili ninayoiamini zaidi kuliko urefu ni kuwapo kwa vyakula ambavyo mgeni haviagizi kirahisi: matumbo, karela, samaki aliyekaushwa, mboga iliyochachushwa hadi ikanuka. Vitu hivyo havimo kwenye menyu kwa ajili ya kumvutia mpita njia; vimo kwa sababu wapo wateja wa asili ya huko wanaovitaka. Ukiona pia karatasi ukutani iliyoandikwa kwa lugha ya wenyeji peke yake, mwombe mhudumu akusomee.

Saa na siku ya kwenda zina uzito ambao wateja wengi hawauzingatii. Dim sum, yaani vile vitafunio vidogo vya Kikantoni vinavyoliwa na chai, ni chakula cha kuanzia asubuhi hadi mapema mchana, na ukiviagiza usiku mara nyingi utaletewa vilivyotolewa kwenye jokofu. Migahawa ya ceviche, yaani samaki mbichi aliyetiwa ndimu, nchini Peru hufunguliwa zaidi wakati wa mchana, kwa desturi iliyotokana na kutaka samaki aliyevuliwa alfajiri ya siku ileile. Pho, supu ya tambi ya Vietnam, huliwa sana asubuhi, baada ya mifupa ya ng'ombe kuchemka kwa saa nyingi pamoja na mdalasini na tangawizi iliyobabuliwa motoni. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, siku ambazo hawali nyama, maziwa wala mayai. Ukienda mgahawa wa Kiethiopia siku hizo ukaagiza sinia la mfungo, utapata dengu nyekundu, rojo la unga wa mbegu za jamii ya kunde na mboga za majani zilizopikwa kwa uangalifu kuliko siku nyingine.

Sasa umeketi. Kabla hujaonja nyama, onja kile kinachoandamana nayo, yaani mkate, wali au tambi, kwa sababu hapo ndipo jiko linapojulikana. Nyama hafifu inaweza kufichwa ndani ya mchuzi mkali, lakini injera mbaya, ule mkate mpana wa Kiethiopia, haina pa kujificha. Injera ya kweli hutokana na unga wa tefu, nafaka yenye punje ndogo mno, unaokorogwa na maji na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Rojo hilo humiminwa juu ya bamba la moto kwa kuzungusha kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kisha hufunikwa na kuiva upande mmoja tu bila kugeuzwa. Itazame inapoletwa: upande wa juu unapaswa kujaa vitundu vidogo vilivyosambaa sawasawa, upande wa chini uwe laini, na inapokunjwa isipasuke. Harufu yake ni ya uchachu safi, na ladha yake hukata mafuta ya mchuzi. Nje ya Ethiopia na Eritrea wapishi wengi huchanganya tefu na ngano, shayiri au mchele kwa sababu ya bei, jambo ambalo linasameheka, ila uchachu ukikosekana kabisa basi ujue rojo halikupewa muda wake, na asiyeupa mkate muda ni shida kuamini kwamba aliupa mchuzi.

Kipimo hichohicho hufanya kazi kwingineko. Tortilla ya Kimexico hutengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa na chokaa, yakaachwa usiku kucha, yakaoshwa na kusagwa yangali na majimaji. Chokaa hiyo ndiyo inayoupa unga harufu yake na uwezo wa kushikamana, na ndiyo inayoifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya mahindi, jambo ambalo mataifa yaliyochukua mahindi bila kuchukua maarifa hayo yaliligharimia kwa ugonjwa wa pelagra. Kwa sushi, acha samaki kwanza na uuangalie wali: uwe na siki, sukari na chumvi kwa kiasi, punje zishikane bila kupondeka, na uwe na uvuguvugu unaokaribia ule wa mwili. Wali wa sushi uliotoka kwenye jokofu huwa mgumu kama mchanga uliokauka, na hakuna samaki awezaye kuuokoa. Dosa ya India Kusini, chapati nyembamba inayotokana na mchele na nafaka ya jamii ya choroko iliyosagwa na kuchachushwa usiku kucha, iwe kavu ukingoni na yenye uchachu kwa mbali. Piza ya Napoli huiva kwa muda wa sekunde 60 hadi 90 katika tanuri la kuni lenye joto linalokaribia nyuzi 485 za Selsiasi, na kwa hiyo ikiletwa ikiwa imekauka kama biskuti, tanuri halikuwa na moto wa kutosha.

Katika kuagiza, achana na mazoea ya kila mtu na sahani yake, isipokuwa katika upishi unaotaka hivyo, kama wa Kijapani wa ramen. Meza ya Kichina, ya Kithai, ya Kilebanoni na ya Kiethiopia hutengenezwa kwa ajili ya kuchangia, na vyakula vyake hupikwa kwa kutegemeana. Watu wanne katika mgahawa wa Kichina waagize vyakula vinne na supu, ila wahakikishe kwamba njia za upishi zinatofautiana: kimoja cha mvuke, kimoja cha kukaangwa kwa haraka, kimoja kilichotokoteshwa polepole, na kimoja cha majani. Kwenye jiko la Sichuan kanuni hii ni ya lazima, kwa sababu mapo tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, yenye pilipili na punje za huajiao, ambazo hutia ganzi na mtetemo kwenye midomo na ulimi, ikifuatwa na kitu kingine chenye nguvu ileile, kinywa hakitaonja tena chochote. Kithai nacho kinapendeza kari moja ikikaa na saladi yenye ndimu, kitu cha kukaanga na wali mweupe mtupu.

Usimuulize mhudumu ni kipi kitamu, maana atakutajia kile ambacho wageni wote hukiagiza. Muulize wenyeji wakija huagiza nini, au leo jikoni kimeingia nini kibichi. Kuhusu pilipili, sema kiwango chako kwa ukweli, bila majivuno; wapishi wa Kithai huipunguza wanapomwona mgeni, na ukitaka ladha ya kwao ni lazima utamke, lakini sahani ikishafika hakuna mtu atakayeweza kuyatoa makali yake.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa ni viambato visivyoonekana, na hapa neno "bila nyama" halitoshi. Karibu kila chakula cha Kithai, hata cha mboga tupu, hutiwa sosi ya samaki, na rojo la kari mara nyingi huwa na kamba waliosagwa na kuchachushwa. Supu ya Kijapani, hata ile ya miso, kwa kawaida huanzia kwenye mchuzi wa samaki wa jodari aliyekaushwa. Maharagwe ya Kimexico huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na mafuta hayohayo hukandiwa unga wa tamale. Asiyetumia pombe aulize kuhusu mirin na sake katika vyakula vya Kijapani, na kuhusu mvinyo wa mchele wa Shaoxing, ambao hutumika katika nyama nyingi za Kichina. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano, mchuzi mzito wa Kihindi mara nyingi ni wa korosho zilizosagwa, na hummus ina ufuta. Kwa hiyo swali liwe mahususi: mchuzi huu umetengenezwa kwa nini, na umekaangwa kwa mafuta gani? Kwa asiyekula kitu chochote cha mnyama, sinia la mfungo la Kiethiopia ndilo chaguo la uhakika zaidi ninalolijua, wakati migahawa ya mboga ya India Kusini ni salama kwa asiyekula nyama lakini si kwa asiyetumia maziwa, kwa vile samli na mtindi vimejaa. Kitfo ya Kiethiopia, nyama ya kusaga iliyochanganywa na samli yenye viungo, ni mbichi. Usiyeiweza waambie waiandae kwa namna ya leb leb, yaani ipitishwe motoni kidogo.

Adabu za mezani hazihitaji masomo marefu. Chakula cha Kithai huliwa kwa kijiko, uma ukisukuma tu, na vijiti hutumika kwa tambi. Injera humegwa kwa mkono wa kulia, na mwenzako akikutilia tonge kinywani lipokee, kwa kuwa ni heshima. Usisimamishe vijiti ndani ya bakuli la wali mbele ya Wajapani wala usipokezane kipande cha chakula kwa vijiti, maana yote mawili yanahusiana na mazishi. Sushi ya kufinyangwa, yaani nigiri, inaruhusiwa kuliwa kwa mkono, na upande unaogusa soya ni wa samaki. Katika mgahawa wa Kikorea vibakuli vya kimchi na mboga ndogondogo kwa desturi huja bila malipo na huongezwa vikiisha; omba bila haya. Ukitaka birika la chai liongezwe maji kwa Wakantoni, liache kifuniko kikiwa kimeegeshwa.

Kwa anayechukua chakula kwenda nacho, uchaguzi hubadilika. Vitoweo vya Kiethiopia na kari za Kihindi huvumilia safari vizuri, na baadhi yake huwa na ladha zaidi kesho yake, lakini injera ifungwe peke yake ili isilowe. Pho ibebwe supu mbali na tambi mbali, na supu ichemshwe upya kabla ya kumiminwa. Dosa na chochote kilichokaangwa kwa ajili ya ukavu wake viliwe palepale, kwa maana mvuke ndani ya boksi huvilegeza kabla hujafika mlangoni, na nigiri yafaa kuliwa mara tu mpishi anapoitua mbele yako.