Kuifikisha bajeti ya chakula hadi mshahara mwingine: hatua kwa hatua

Bajeti ya chakula haivunjiki siku ya kwenda sokoni Tandale au Kariakoo na orodha mkononi. Siku hiyo kila mtu ana nidhamu. Huvunjika wiki ya tatu, kwa vitu vya mia tano na elfu moja: robo ya sukari, kipimo cha mafuta, fungu la nyanya lililonunuliwa mara mbili kwa siku moja. Hatua zilizoandikwa hapa zimepangwa kwa kulenga hapo.

Mifano ni ya nyumba ya watu sita Dar es Salaam: watu wazima watatu, dada wa kazi akiwemo, na watoto watatu. Fedha inaingia mara moja kwa mwezi. Bei ni za kupigia hesabu tu, wewe weka za soko lako.

Vifaa ni daftari lenye kamba, maka peni, bahasha tano, chupa tupu ya lita moja na mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia mizigo. Programu za simu sizipendekezi kwa kazi hii. Anayepika hashiki simu yako, na matumizi yanayoandikwa usiku kwa kukumbuka hupungua njiani. Daftari lining'inie jikoni, kwenye msumari, kalamu ikiwa imefungwa hapohapo.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Usihesabu mwezi. Hesabu siku kuanzia fedha inapoingia hadi itakapoingia tena. Mshahara wa tarehe 25 Machi hadi tarehe 24 Aprili ni siku 31. Wa tarehe 25 Aprili hadi 24 Mei ni siku 30. Desemba ndiyo yenye hatari, kwa sababu waajiri wengi hulipa mapema kabla ya Krismasi: ukilipwa tarehe 20 Desemba na kulipwa tena tarehe 25 Januari, una siku 36 za kulisha kwa fedha ya mwezi mmoja, na ada za shule juu yake.

Kosa linalorudiwa sana ni kugawa fedha kwa nne. Wiki nne ni siku 28. Siku mbili au tatu zinazobaki hazina fungu, na ndizo zinazoandikwa kwenye daftari la madeni dukani. Mwezi unaofuata unaanza kwa kulipa deni hilo, kwa hiyo unaishiwa mapema zaidi.

Hatua ya 2: Jua nyumba yako inakula kiasi gani

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ambayo wengi huiruka. Watu hupanga bajeti kwa bei, wakati bei haiko mikononi mwao. Kilichoko mikononi mwao ni kiasi, na kiasi hawakijui.

Njia ni nyepesi. Kila unapofungua mfuko, dumu au pakiti, andika tarehe juu yake kwa maka peni. Kikiisha, usitupe kabla ya kuandika kwenye daftari tarehe ya kufungua, tarehe ya kuisha na uzito. Mfuko wa unga wa kilo 25 uliofunguliwa tarehe 3 na kuisha tarehe 29 umelisha siku 27. Gawa 25 kwa 27: ni takriban gramu 925 kwa siku. Kwa siku 31 unahitaji karibu kilo 29. Kumbe ule mfuko mmoja haujawahi kutosha mwezi mzima, na zile kilo nne za nyongeza zimekuwa zikinunuliwa kilo moja moja dukani, kwa bei ya rejareja, kila mwezi. Hakuna aliyekuwa anafuja unga. Hesabu ndiyo ilikuwa pungufu tangu mwanzo.

Fanya hivi kwa vitu saba tu: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, ngano na gesi. Ukijaribu kupima kila kitu hadi chumvi na majani ya chai, utachoka wiki ya pili.

Sasa mambo yanayoharibu vipimo, na ni mengi.

Sado si kilo. Ni kopo la rangi la lita nne, na linapima ujazo, halipimi uzito. Sado ya mchele iliyofutwa juu huwa kilo tatu na kidogo, ya maharage kama kilo tatu, ya mahindi hukaribia tatu. Unga ni mwepesi: ujazo uleule hautoi hata kilo mbili na nusu. Kwa hiyo usilinganishe bei ya sado ya duka moja na bei ya kilo ya duka jingine bila mizani. Angalia pia sado yenyewe. Iliyobonyezwa ubavuni au iliyoinuliwa kitako inakula nafaka yako. Wengine hukupa kichwa, wengine hufuta kwa mkono. Sado yenye kichwa kizuri inaweza kuwa na bei kubwa na bado ikawa nafuu. Ning'iniza mfuko kwenye ndoano palepale sokoni. Muuzaji mzoefu hakasiriki.

Maharage na mahindi yenye unyevu ni mazito. Unalipia maji, na yakikaa stoo yanavunda. Ng'ata punje: kavu hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea.

Mchele mpya na wa zamani havijai sawa. Mchele wa msimu uliopita hunywa maji zaidi na kujaa sufuria, mpya hushikana na kujaa kidogo. Ukihama kutoka mmoja kwenda mwingine katikati ya kipimo, tarehe zako zitakudanganya.

Maharage yaliyokaa sana ghalani huchelewa kuiva na kula gesi. Unafuu wa bei unaweza kuishia kwenye jiko. Loweka usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha ya siku tatu kwa mara moja na kuyagawa.

Gesi pia inapimika. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma cha mtungi wenyewe. Pima mtungi mzima, toa uzito huo, utajua imebaki kilo ngapi. Fanya hivyo pia unapoletewa mtungi mpya, kabla aliyeuleta hajaondoka.

Mwisho, mwezi wa kupimia uwe wa kawaida. Likizo ya shule watoto wanakula mchana nyumbani, Ramadhani meza inabadilika, na wageni wa wiki mbili hugeuza kila kitu. Andika pembeni “wageni wawili, siku 14” ili tarakimu ile usije ukaitumia kama kiwango. Pima miezi miwili, chukua mwezi uliotumia zaidi kati ya hiyo.

Hatua ya 3: Gawa mafungu matatu

Chukua mfano wa shilingi 420,000 kwa siku 31. Vitu vikavu 190,000. Mboga za kila siku 6,000 mara 31, yaani 186,000. Inabaki 44,000, na hiyo ni ya wageni, ugonjwa na bei kupanda. Gesi na mkaa viwe na fungu lao nje ya hesabu hii. Ukivichanganya na chakula, mwezi wa kujaza mtungi utakula nyama ya watoto.

Fungu la tatu lisiwe chini ya sehemu moja ya kumi. Ukiona halitoshi, punguza vikavu vya anasa, usipunguze hili.

Hatua ya 4: Nunua vikavu mara moja

Nafaka Tandale, kwa kilo. Orodha unayo tayari kutoka hatua ya 2. Usinunue ya miezi mitatu kwa sababu umeona bei nzuri, isipokuwa mchele na mahindi wakati wa mavuno, na uwe na pipa lenye kifuniko kinachobana. Joto la Dar na wadudu havisubiri.

Hatua ya 5: Hela ya mboga

Toa fedha ya fungu hili kwa mkupuo mmoja. Makato ya kutoa kwa wakala mara nane kwa mwezi ni mboga ya siku kadhaa. Kisha gawa kwenye bahasha tano: nne za wiki zenye 42,000 kila moja, na ya tano ya siku tatu, 18,000. Bahasha ya tano itenge siku ya kwanza na uitie gundi.

Anayepika ndiye ashike bahasha ya wiki. Hili nalisimamia kabisa. Dada anayeachiwa elfu sita kila asubuhi hana namna ya kupanga. Atanunua fungu la nyanya gengeni leo, na kesho fungu jingine. Akiwa na 42,000 ya wiki nzima, anaweza kwenda soko la Ilala au Mabibo Jumamosi akachukua sado ya nyanya, vitunguu kilo mbili na viazi, kisha genge likabaki la mchicha na matembele. Kaeni naye, mpangieni pamoja siku saba za mboga, na kinachobaki Ijumaa kiingie wiki inayofuata. Kisirudishwe kwako. Ukikirudisha, hakutakuwa na sababu ya kubakiza.

Dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi hupungua na bei hupanda. Nunua wakati wa giza, wachambue, wakaange kidogo bila mafuta wakauke, uwatie kwenye kopo linalofunga. Nyanya nazo hupanda wakati wa masika, kwa sababu zinaozea shambani na njiani. Kabla ya mvua, chemsha na kusaga, gandisha kwenye vifuko vya kupikia mara moja kila kimoja kama friji unayo. Kununua friza kwa ajili ya hili haifai, luku itameza faida.

Hatua ya 6: Mafuta na sukari

Dumu kubwa jikoni humiminwa kwa mkono mkubwa, hata na mpishi makini. Dumu la lita tano likae stoo. Kila Jumamosi jaza ile chupa ya lita moja, na hiyo ndiyo ya jikoni kwa siku saba. Kwa siku 31 zitatumika karibu lita nne na nusu, na nusu lita itabaki. Chupa ikiisha Alhamisi, usiijaze: Ijumaa ni siku ya kuchemsha. Sukari vilevile, kilo moja kwenye kopo kwa siku tisa au kumi.

Kununua robo robo ni ghali kuliko inavyoonekana. Robo ya 900 mara nne ni 3,600. Kama kilo nzima ni 3,000, umelipa mia sita bila kupata hata kijiko cha ziada.

Hatua ya 7: Deni la dukani

Kama una deni la zamani, lilipe siku ya mshahara kutoka fungu la tatu, kisha mwambie mwenye duka kwa heshima asimwandikie mtu yeyote wa nyumbani bila wewe kuwepo. Watoto wakitumwa, watumwe na fedha mkononi. Kama 44,000 hailipi deni lote, ligawe kwa miezi miwili na mwenye duka mkubaliane tarehe. Usilitoe kwenye bahasha ya tano.